Valerie Adams: Mrusha Tufe Aliyepokea Dhahabu kwa Kuchelewa

Kenya inasifika kwa mbio, lakini riadha ina milango mingi. Mmoja ni urushaji tufe, na mfano bora wa kuigwa ni Valerie Adams wa New Zealand.

Adams alizaliwa mwaka 1984 na kulelewa Auckland Kusini. Mama yake, mzaliwa wa Tonga, alifariki binti huyo akiwa na miaka 15. Mwaka uliofuata, 2001, alitwaa ubingwa wa dunia wa chipukizi.

Tufe la wanawake lina uzani wa kilo 4, la wanaume kilo 7.26. Mrushaji hubaki ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135, huliweka tufe shingoni na kulisukuma kwa mkono mmoja. Akikanyaga nje, jaribio hilo linafutwa. Kwa hivyo nguvu bila mbinu hazitoshi.

Adams alishinda dhahabu ya Olimpiki jijini Beijing mwaka 2008, na ubingwa wa dunia mara nne mfululizo: 2007, 2009, 2011 na 2013. Rusho lake bora ni mita 21.24.

Katika Olimpiki ya London 2012 alimaliza wa pili, nyuma ya Nadzeya Ostapchuk wa Belarus. Siku chache baadaye, vipimo vilionyesha kuwa Ostapchuk alitumia dawa iliyopigwa marufuku, akapokonywa medali. Adams alikabidhiwa dhahabu yake Septemba, nyumbani Auckland. Medali ilirudi, lakini fursa ya kusimama juu ya jukwaa la Olimpiki na kusikia wimbo wa taifa lake haikurudi.

Baada ya kujifungua watoto wawili, alishinda shaba mjini Tokyo mwaka 2021, kisha akastaafu mwaka 2022.

Mambo ya kuzingatia kwa wazazi, walimu na vijana wa kaunti yetu:

• Wasichana walio chini ya miaka 18 hutumia tufe la kilo 3, wavulana kilo 5. Tufe zito kupita umri huumiza bega na mgongo.

• Kabla ya kumeza dawa au virutubisho vyovyote, mweleze daktari kuwa wewe ni mwanariadha. Kinachopatikana mwilini mwako ni jukumu lako, hata kama ulipewa na mtu mwingine.

• Ukishawishiwa kutumia dawa za kusisimua misuli, kataa na uripoti. Anayedanganya humnyang'anya mwenzake jasho lake.