KISIWA CHA MAFIA: KUZURU NA KUKAA



Hapana mtu aliyechoka ambaye hakuwahi kuota kisiwa. Mkulima aliyeinama shambani tangu alfajiri, karani aliyezungukwa na majalada, mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni, kila mmoja hujisemea moyoni kwamba iko mahali fulani nchi ya upepo na minazi ambako watu hawaendi mbio. Watu wa Ulaya na Marekani wenye fedha huitafuta nchi hiyo katika visiwa vya Karibiani, kama Barbados na Jamaika. Sisi tukaao Choma, katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, hatuna haja ya kuvuka Bahari ya Atlantiki. Tunavyo visiwa vyetu wenyewe, na kimojawapo ni Mafia.

Safari yetu ilianza kwa ujumbe wa simu. Dada mkubwa wa mama watoto wetu aliolewa Mafia miaka mingi iliyopita, na mumewe ni mvuvi wa Utende. Baada ya mavuno ya mpunga, shemeji huyo alituletea maneno haya: “Nanyi sasa mmekuwa wazee. Uzeni majaruba, njooni mpumzike. Huku hakuna anayekimbizwa.” Maneno hayo yalituingia sana. Mwaka ule mgongo ulikuwa ukituuma, na watoto wote wamekwisha kwenda kwao. Akatokea na jirani mmoja aliyekuwa tayari kuyanunua majaruba. Tulimwomba atungoje mpaka tuende tukaone kwa macho yetu, naye, Mungu amlipe kheri, akakubali kungoja.

Tulisafiri mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza kwetu. Gari letu lilipita Igunga, Singida, Dodoma na Morogoro hadi Dar es Salaam, nasi njiani tuliwakumbuka wazee wetu. Katika karne ya 19 vijana wa Unyamwezi walikwenda pwani kwa miguu, wamebeba pembe za ndovu mabegani, na safari ya kutoka Tabora hadi Bagamoyo iliwachukua miezi miwili au mitatu. Walirudi na nguo na shanga, na wengine walirudi na kitu kilichodumu kuliko nguo na shanga, nacho ni dini ya Uislamu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya mpagazi ilikuwa inakwisha. Sisi tulikwenda tumekaa kitini, na mzigo wetu mkubwa ulikuwa gunia moja la mchele wa kwetu, zawadi ya shemeji.

Kutoka Dar es Salaam tulishika njia ya kusini mpaka Nyamisati, kijiji kilicho karibu na mlango wa Mto Rufiji, na hapo tukapanda chombo. Kwa mara ya kwanza mama watoto aliona maji yasiyo na ng'ambo. Alishika tasbihi yake, wala hakusema neno mpaka minazi ya Kilindoni ilipoonekana.

Yafaa msomaji akijue kisiwa chenyewe. Mafia ni wilaya ya mkoa wa Pwani. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kiasi cha kilomita 50, na pembeni mwake viko visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438 katika wilaya nzima, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 60,000. Wengi wao ni Waislamu, na kazi zao kubwa ni uvuvi na minazi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa kama tulivyoota. Ulikuwa wakati wa maleleji, pepo zinapobadilika, na bahari ilitulia kama maziwa katika kibuyu. Tulivushwa kwa mashua mpaka Chole, tukaona popo wakubwa wa matunda wametundikwa juu ya miti mchana kutwa. Jua lilipokaribia kuzama walijinyoosha mmoja mmoja, wakaruka. Karibu na Kilindoni tulionyeshwa papa shilingi, ambaye wenyeji humwita potwe. Samaki huyu hupita basi kwa urefu akikomaa vizuri, lakini chakula chake ni vidudu vidogo mno vya baharini, wala hamdhuru mtu. Mama watoto alisema, “Kumbe ukubwa si lazima uwe na meno.” Jioni, baada ya sala ya Magharibi, wanaume walikaa barazani wakizungumza kwa sauti za chini, na hapana aliyetazama saa. Usiku ule wa pili tulimwambia mama watoto kwamba tukirudi Choma tutamwita yule jirani.

Lakini wahenga wa pwani walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu hatukupewa jembe na mtu. Tulilichukua wenyewe, nasi twamshukuru Mungu kwamba tulilichukua.

Ilikuwa hivi. Asubuhi tulikwenda dukani kununua wembe. Mwenye duka alipotambua kwamba sisi ndio wageni wa bara, alitusifia mchele wetu. Tulishangaa, tukamwuliza ameujulia wapi. Akatuonyesha gunia letu, limefunguliwa, linauzwa kwa kilo. Shemeji alikuwa amelileta siku ile ile tuliyofika, akabadilishana kwa sukari, mafuta ya kupikia, majani ya chai na unga wa ngano. Zile chapati za asubuhi na ile chai tamu tuliyokuwa tukinywa huku tukiusifu upepo, zote zilitoka katika zawadi yetu wenyewe, na gunia lilikuwa limebaki nusu.

Tulirudi nyumbani kimya. Hatukumwambia shemeji neno, maana kumwaibisha mwenyeji kwa ukarimu wake ni ubaya mkubwa kuliko kula chakula chake. Bali tulianza kutazama, na mtu akianza kutazama huona.

Tuliona kwamba shemeji huamka kabla ya adhana. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, huenda mwambani pamoja na wanawake wenzake kutafuta pweza, miguu ikikatwa na matumbawe, na hulazimika kurudi kabla maji hayajajaa. Alasiri husuka ukili wa mikeka. Mumewe, ambaye sisi tulidhani amepumzika pale barazani, macho yake yamekwisha punguka nguvu. Hawezi tena kwenda baharini usiku, na aona haya kusema. Tuliona pia kwamba sukari, saruji na unga wa ngano huletwa kwa chombo, na kila kinachovuka bahari hupanda bei. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, lakini ugonjwa mkubwa hauna budi kuvuka kwenda Dar es Salaam, na kusi kali ikivuma, mgonjwa na nahodha wote hungoja. Katika kisiwa cha Jibondo, ambacho ni mwamba mtupu, kwa miaka mingi watu walitegemea maji ya mvua au walileta maji kwa vyombo. Mama watoto aliposikia hayo alitikisa kichwa. Mtu wa Choma hahitaji kuelezwa maana ya kungoja maji.

Hata bahari yenyewe ina mashauri yake. Zamani baadhi ya wavuvi walitumia baruti, ambayo huua samaki wakubwa na wadogo pamoja na kuvunja matumbawe wanamozalia. Kwa sababu hiyo, mwaka 1995 ilianzishwa huko Hifadhi ya Bahari, ya kwanza katika Tanzania, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 800. Watu wanaendelea kukaa na kuvua ndani yake, lakini kwa masharti: mahali fulani hapavuliwi kabisa, na nyavu nyingine zimekatazwa. Mzee mmoja wa Utende alitueleza jambo hili kwa haki. Alisema kwamba sheria humbana mvuvi leo ili mjukuu wake apate samaki kesho. Lakini tumbo la leo, alisema, halijui kungoja mjukuu. Mgeni aonaye maji ya buluu na samaki wa rangi hajui kwamba uzuri ule una watu wanaoulipia.

Tulivuka pia kwenda Juani, tukaona magofu ya Kua. Ulikuwa mji wa mawe wenye jumba la watawala na misikiti, na mwanzoni mwa karne ya 19 ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska, watu wake wakauawa au kuchukuliwa utumwani. Leo mizizi ya miti imekumbatia mihirabu. Karne hiyo hiyo mashamba ya minazi ya Mafia yalilimwa kwa nguvu za watumwa. Mwaka 1890 kisiwa kiliingia mikononi mwa Wajerumani, na mwezi wa Januari 1915 Waingereza wakakiteka, wakaruka kwa ndege kutoka hapo kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, mpaka ilipoangamizwa Julai 1915. Basi kisiwa hiki cha utulivu kimekwisha onja upanga, mnyororo na mzinga.

Wala si Mafia peke yake. Vile visiwa vya Karibiani, ambavyo leo wageni huvisifia usingizi wake, vilijengwa juu ya mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu. Na utumwa ulipokomeshwa, wakaletwa vibarua kutoka Bara Hindi. Merikebu ya kwanza ya vibarua hao kufika Trinidad ilitia nanga tarehe 30 Mei 1845, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu, ambao vizazi vyao wangali huko na misikiti yao. Mahali popote tuonapo raha, yatupasa kuuliza: ni mgongo wa nani unaoibeba?

Swali hilo tulijiuliza sisi wenyewe, na jibu lilikuwa ndani ya nyumba tuliyolala. Kuanzia siku ya nne tulikwenda na vijana pwani kuvuta nyavu, na mama watoto akashuka mwambani na dada yake. Alirudi amechanika mguu na hana pweza hata mmoja, lakini walicheka njia nzima. Tulitengeneza paa la jiko kwa makuti mapya, na tukalilipa deni dogo lililokuwa limebaki dukani, tukamwomba mwenye duka asitaje jina.

Usiku mmoja tulimwambia shemeji ukweli, kwamba tumeona, na hatudhani tutaweza kuuza majaruba. Tulisema, “Shemeji, ulituita tupumzike, lakini hapa hakuna aliyepumzika.” Alinyamaza kitambo, mikono yake haikuacha ukili. Kisha akamgeukia mdogo wake, akasema, “Sikukuita upumzike. Niliona haya kusema kwamba niko peke yangu. Nilitaka tu uwe karibu.”

Ndugu msomaji, hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumepima bei ya shamba, uzuri wa bahari na maumivu ya mgongo wetu. Jambo moja hatukulipima, nalo ndilo lililotuitia: udugu wa tumbo moja. Dini yetu yaamrisha kuunga ukoo, nasi kwa miaka mingi tulikuwa tumeuunga kwa salamu za simu peke yake.

Shauri tulilolifikia ni hili. Majaruba hatukuyauza, kwa sababu mtu aliyekwisha uza shamba lake hawezi kumsaidia mwenziwe ila kwa maneno. Sisi tulirudi Choma kuwahi mvua. Mama watoto alibaki Utende miezi miwili zaidi, na tumekubaliana kwamba kila mwaka baada ya mavuno atakwenda, na mchele utakwenda naye. Safari hii kwa matumizi ya nyumba ile, bila siri. Shemeji mzee amekwisha pelekwa Dar es Salaam kutazamwa macho.

Kwa wale wanaofikiri kuzuru au kuhamia kisiwani, twatoa nasaha chache. Kwanza, ukialikwa, uliza ni nini kinachopungua katika nyumba ile, kisha uchukue hicho. Pili, usikihukumu kisiwa kwa siku mbili za maleleji. Kione pia wakati wa kusi, bahari ikichafuka na vyombo vikikosa kuvuka. Tatu, usiuze ulichonacho kabla ya kujua utafanya kazi gani huko, maana bahari haimlishi asiyeijua. Nne, heshimu masharti ya hifadhi na desturi za wenyeji, na mavazi yako yawe ya stara. Na tano, ambayo ni kubwa kuliko zote, ukipata ujumbe wa ndugu yako aliye mbali akikuambia kwamba kwao kuna raha, usome mara mbili. Huenda neno alilolikusudia ameliona haya.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi walio baharini na walio mashambani, awaunganishe ndugu waliotenganishwa na masafa, na atujaalie sote tuwe wageni wasiomwelemea mwenyeji. Amin.