Puto Lenye Dawa na Mshipa wa Moyo Uliopandikizwa

Moyo ni mlinzi asiye na zamu ya kupumzika. Nao huishi kwa damu iletwayo na mishipa yake wenyewe. Mishipa hiyo ikiziba kwa mafuta, kifua hubana na uhai huwa mashakani.

Mwaka 1967, huko Cleveland, Marekani, Daktari René Favaloro, mzaliwa wa Argentina, alianza kutumia mshipa wa mguuni kuipitisha damu kando ya mahali palipoziba, mfano wa askari wahandisi wachongao njia ya pembeni daraja linapovunjika. Lakini mshipa wa mguuni haukuumbwa kustahimili msukumo huo mkubwa. Ukuta wake hunenepa, na ifikapo miaka 10 hivi, karibu nusu ya mishipa hiyo huwa imeziba au kuharibika. Nako kumpasua mgonjwa kifua mara ya pili kuna hatari kuliko mara ya kwanza.

Njia nyingine ilifunguliwa tarehe 16 Septemba 1977 mjini Zurich, Uswisi. Daktari Andreas Grüntzig alipenyeza katheta, yaani mpira mwembamba, hadi kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa macho, akalivimbisha puto dogo, na damu ikapita. Baadaye zikaja stenti, vyuma vya wavu viachwavyo mshipani. Lakini nyama huweza kuota ndani yake.

Mwaka 2006 madaktari wa Ujerumani, akiwamo Bruno Scheller, walitangaza matokeo ya puto lililopakwa paklitakseli, dawa ya saratani iliyopatikana kwanza katika gome la mti. Puto huvimbishwa kwa nusu dakika hadi dakika moja, dawa ikaingia ukutani na kuzuia nyama isiote, kisha puto hutolewa. Hakuna chuma kipya kinachobaki.

Hata hivyo, silaha hii ina mipaka yake. Ushahidi wake wenye nguvu zaidi ni kwa stenti zilizoziba tena. Katika mshipa uliopandikizwa, takataka huweza kubanduka na kuziba mbele. Kwa hiyo madaktari huenda wakatega kichujio, au wakachagua kuufungua mshipa wa asili.

Ndugu askari, ushujaa si kuficha maumivu ya kifua. Aliyepandikizwa mshipa aache sigara, ameze dawa alizoandikiwa, na kifua kikibana aende hospitali mara moja, bila kungoja zamu iishe.