Siku 84 Zikiisha, Mtoto Bado Ananyonya

Mama mfanyakazi arudipo ofisini baada ya likizo ya uzazi hukuta majalada yamerundikana mezani, na moyoni humwaza mtoto aliyemwacha nyumbani. Majalada yalikuwa na wa kuyashika mama alipokuwa likizoni. Maziwa yake hayana kaimu.

Tuuchukue mji wa Masumbwe, wilayani Mbogwe, uliokuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Nchi hiyo inasifika kwa dhahabu, na kazi ikitajwa wengi humfikiria mwanamume mwenye sururu. Lakini wamo pia makarani, wahasibu na watunza masijala, na wengi wao ni akina mama. Aliyehamishiwa huko kutoka mkoa mwingine hana bibi wa mtoto karibu. Humwachia yaya au jirani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo yenye malipo isiyopungua siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Siku 84 ni wiki 12. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa miezi 6 ya kwanza, yaani wiki 26 hivi. Hapo pana pengo la wiki 14. Aliyeianza likizo yake wiki 4 kabla ya kujifungua, kama sheria inavyomruhusu, pengo lake ni wiki 18.

Ni katika pengo hilo ambapo uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe huingia mapema, na maji yasiyo salama huleta ugonjwa wa kuhara.

Daraja la kuvukia lipo katika sheria ile ile. Mwajiri anatakiwa kumruhusu mama anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto wake wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Ni haki, wala si hisani ya mkuu wa ofisi. Basi mama asingoje siku ya kuripoti kazini. Amwandikie mwajiri mapema, wapatane kama atatoka mara mbili kwa saa moja moja, au atawahi kuondoka jioni.

Anayekaa mbali na ofisi akamue maziwa kwa mikono safi, ayaweke katika chombo safi chenye kifuniko. Katika chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25, hukaa kwa muda wa saa 4. Ndani ya jokofu, siku 4. Yasichemshwe, chombo kitiwe katika maji ya uvuguvugu, kisha mtoto anyweshwe kwa kikombe. Kwa mwajiri, haya yote hayadai fedha nyingi: chumba kidogo chenye kiti, maji na mlango unaofungwa kinatosha.

Kazi yenyewe pia inalindwa. Mama hurejea kwa masharti yale yale aliyoyaacha, na kumwachisha kazi kwa sababu zinazohusiana na ujauzito ni kinyume cha sheria. Aliyeachishwa apeleke shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Na akina baba je? Sheria huwapa siku 3 tu za likizo mtoto anapozaliwa, lakini haimzuii baba kuosha vyombo vya mtoto alfajiri, wala kumpeleka kwa mama yake saa ya kunyonya ikifika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na malezi ya wiki hizo 14 yanawahusu mama, baba na ofisi pia.