Fanta, Soda na Sucré: Majina ya Vinywaji Vitamu katika Hojaji za Ulaji wa Sukari

Tofauti za kimaeneo katika unywaji wa vitu vitamu hupimwa kwa maswali, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Nchini Rwanda, neno fanta halitaji chapa moja tu. Katika mazungumzo ya kila siku hujumuisha soda zote, hata za kola. Mtanzania na Mkenya husema soda. Ukivuka mpaka wa Rubavu na kuingia Goma, utasikia sucré, neno la Kifaransa.

Masoro, jijini Kigali, panafaa kulionyesha jambo hili. Hapo pana Eneo Maalumu la Kiuchumi na kampasi ya Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati. Wafanyakazi wa viwandani na wanafunzi wa asili mbalimbali hunywa chai mitaa ileile. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, mtafiti aweza kudhani kwamba hojaji moja ya Kiswahili itatosha ukanda mzima. Haitoshi. Akiuliza, “Hunywa fanta mara ngapi kwa wiki?”, Mnyarwanda atahesabu soda zote, ilhali Mtanzania aliyeketi kando yake atahesabu chapa hiyo peke yake. Takwimu zitaonyesha tofauti ya ulaji pahali penye tofauti ya msamiati tu.

Kosa kubwa zaidi limo katika vinywaji visivyodhaniwa kuwa na madhara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya mlo, na unapendekeza ipungue hadi chini ya 5, yaani kama gramu 25 kwa siku. Sukari huru si ile inayoongezwa tu. Ya asali na ya juisi ya matunda imo pia. Basi umutobe, juisi ya ndizi isiyochachuka, nao huhesabiwa. (Sheria ya ushuru ya Rwanda ya 2019 ilitoza soda asilimia 39 na juisi ya matunda asilimia 5, mwili hauujui mgawanyo huo.) Na vikombe viwili vya chai ya maziwa, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vya gramu 4, hufikia gramu 24. Anayejibu kwamba hanywi fanta kabisa amesema kweli, lakini hojaji imemkosa.

Swali la kufaa zaidi ni la kikombe kwa kikombe: “Jana ulikunywa nini, na ulitia vijiko vingapi?” Pale chai inapoletwa ikiwa imekwisha kutiwa sukari, aulizwe aliyeipika.