Je, Wajua? Polinomia Nazo Zina Lumbesa

Pale sokoni Himo, ukisema una gunia tano, hujamaliza kusema. Mwenye lori atakuuliza: za kawaida au lumbesa? Gunia la mazao kisheria halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, lile lililoongezewa nundu juu kwa kamba, huzidi na bado huhesabiwa moja.

Je, wajua kwamba hesabu za aljebra nazo zina ubishi huohuo? Chukua x³y². Digrii yake ni 5, yaani vipeo 3 na 2 vimejumlishwa. Hapo umehesabu magunia tu. Sasa ipe x uzito wa 1, y uzito wa 4. Kila kipeo kizidishe kwa uzito wa herufi yake, ndipo ujumlishe: 3 na 8, unapata 11. Hiyo ndiyo digrii yenye uzito.

Na polinomia, yaani jumla ya vipande kama hivyo, ikiwa na vipande vingi? Havijumlishwi, kinachukuliwa kizito kuliko vyote. Wanaopita mizani ya Njia Panda wanalijua hili: ekseli moja ikizidi kiwango, lori zima lina kesi, hata kama jumla haijafika tani 56. Kwa uzito uleule, katika x⁶ + y², kinachotawala si x⁶ tena. Ni y², 8 kwa 6.

Huu si mchezo wa darasani. WhatsApp hulinda ujumbe wako kwa mlinganyo y² = x³ + 486662x² + x. Ipe x uzito wa 2 na y uzito wa 3, uone y² na x³ zikilingana sawasawa kwenye 6.

Kasheshe iko kwenye miongozo ya programu za hesabu. Katika SageMath, programu huria aliyoianzisha William Stein mwaka 2005, ukishapanga herufi kwa uzito, amri ya digrii ya x³y² inaweza kukujibu 11 ulipotarajia 5. Mwongozo unalitaja jambo hilo, ila kwa maneno makavu ambayo msomaji mwenye haraka huyaruka, kisha anailaumu programu.

Ukiwa na shaka, iulize programu digrii ya kila herufi peke yake. Jibu lolote likizidi 1, ujue umepewa lumbesa.