Nafuu ya Kodi na Nafuu ya Mgonjwa

Neno "nafuu" lina maana mbili zilizo wazi kwa kila msemaji wa Kiswahili. Mgonjwa akianza kupona husemwa amepata nafuu. Na kitu kisichoumiza mfuko husemwa kina bei nafuu. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya faida. Nimelifundisha kwa miaka mingi kama mfano wa upanuzi wa maana, wala sikudhani kwamba siku moja maana hizo mbili zingegombana mbele yangu juu ya meza ya ofisi.

Ugomvi huo uliletwa na daftari la kijana mmoja, mwalimu wa shule ndogo ya kibinafsi kando ya Barabara ya Ngong, ambaye jioni huja chuoni kusomea shahada ya uzamili. Mshahara wake ni shilingi 18,000. Ana mke na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Walikuwa wakiishi Laini Saba, Kibera, katika chumba cha mabati cha shilingi 3,500 kwa mwezi, naye alikuwa ameonyeshwa chumba kingine Gatina, Kawangware, cha shilingi 5,500. "Daktari," akaniuliza, "nihame au nikae? Wenzangu wote wasema ni wazimu kuiacha nyumba ya bei nafuu."

Nilimwomba anipe daftari, kwa maana alikuwa mtu wa kuandika kila senti itokayo mfukoni. Maji: mitungi mitano ya lita 20 kila siku, kila mtungi shilingi 5, jumla 750 kwa mwezi, ukiacha siku za uhaba ambapo bei hupanda hadi 20. Choo cha kulipia: shilingi 5 kila aingiapo mtu mzima, watu wawili, mara tatu kwa siku, jumla 900. Kisha nikafika kwenye kurasa za miezi mitatu ya mvua. Mtoto aliharisha mara mbili, na mara zote mbili hali ilizidi usiku. Zahanati ya kibinafsi iliyokuwa karibu ilitoza 1,200 mara ya kwanza, na 1,800 mara ya pili alipotundikiwa maji. Mkewe, ambaye hufanya kibarua cha kufua nguo Kilimani, alikosa siku nne za kazi, yaani shilingi 2,000. Ukizigawa hizo shilingi 5,000 kwa miezi mitatu, ukaongeza maji na choo juu ya kodi, chumba cha shilingi 3,500 kilikuwa kikimgharimu zaidi ya 6,800.

Kwamba maskini hununua maji kwa bei ghali kuliko tajiri si habari ngeni. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilieleza kuwa wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, kama wenzao wa Jakarta na Manila, hulipia maji mara tano hadi kumi zaidi ya wakazi wa mitaa ya kifahari ya miji yao. Hesabu si ngumu: mita moja ya ujazo ni mitungi 50, na kwa shilingi 5 hiyo ni shilingi 250. Nao uchunguzi wa kituo cha utafiti cha APHRC, uliofanywa mwaka 2000, ulionyesha kwamba katika mitaa ya mabanda ya Nairobi watoto 151 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, ilhali kwa jiji zima idadi ilikuwa 62. Mengi yamebadilika tangu wakati huo, lakini maji machafu hayajabadili tabia.

Mbona basi mitaa miwili isiyotengana kwa mbali itofautiane hivi? Jibu liko katika ardhi. Kibera, jina litokanalo na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ilianza kama makazi ya askari wa Kinubi wa jeshi la kikoloni, waliopewa mahali pa kukaa bila hati. Ukiacha ekari 288 ambazo jamii hiyo ilipewa hati yake mwaka 2017, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya serikali, na mwenye nyumba asiye na hati hana hamu ya kuchimba mtaro wa majitaka. Kawangware ilitokana na mashamba ya watu binafsi huko Dagoretti. Kuna mabanda huko pia, tena mengi, lakini ploti ina mwenyewe, na aghalabu ina bomba na choo ndani ya ua. (Jina lake, kwa wapendao isimu linganishi, latokana na "ngware" ya Kikikuyu, ambaye ndiye kwale wetu; ni neno moja lililopita njia mbili.)

Hata hivyo nisingependa kuipamba Kawangware. Ukiugua sana, Kibera ndiyo iliyo jirani na hospitali kubwa. Mbagathi iko ng'ambo tu, na Kenyatta, iliyoanzishwa mwaka 1901, si mbali. Kutoka Gatina kwenda Kenyatta yataka matatu, na usiku wa manane yataka pikipiki au teksi. Nilimwambia kijana wangu jambo hili, naye akatabasamu. "Daktari, hospitali iko karibu kwa ramani. Usiku ule gari halikuweza kuingia katika vichochoro vyetu. Mtoto nilimbeba mgongoni, mke wangu akimulika kwa simu, na tulisimama kwenye zahanati ya kwanza tuliyoiona taa."

Mtu aweza kuuliza: si matibabu ya vituo vya chini ni bure? Ni kweli kwamba tumetoka mbali. Serikali ilianza kuwatoza wagonjwa mwishoni mwa mwaka 1989 kwa jina la kugawana gharama. Mwaka 2004 ada ikapunguzwa kuwa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya. Mwaka 2013 ikafutwa huko chini kabisa. Tangu Oktoba 2024 hazina ya zamani ya bima, iliyoundwa mwaka 1966, imerithiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mwalimu wetu hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, yaani shilingi 495, popote alalapo. Hukatwa pia asilimia 1.5, shilingi 270, kwa ajili ya mpango wa serikali uitwao, tazama ajabu, wa nyumba za bei nafuu. Lakini ada ikifutwa mchana, ugonjwa huja usiku. Na karatasi ya dawa isiyopatikana kituoni hupelekwa kwenye duka la dawa, ambako hakuna lililofutwa.

Tulipiga hesabu ya Gatina pia. Kodi 5,500, nauli ya siku za mvua, kwa kuwa siku nyingine atatembea saa nzima hadi shuleni, 600, maji ya kununua bomba likikauka, 300. Jumla 6,400. Tofauti ya shilingi 400 na ushei, msomaji, haimhamishi mtu. Kilichomhamisha ni ukurasa mmoja wa daftari ambao hakuwa ameandika tarakimu yoyote, ila tarehe, na neno "amelala".

Walihama mwisho wa mwezi. Nilipoonana naye juzi alisema bomba la ploti hutoa maji siku mbili tu kwa juma, na siku hizo mkewe huamka saa kumi za usiku kuwahi foleni kabla wapangaji wengine hawajajaza mapipa. Mvua za vuli bado hazijaanza.