Kilo za Unga na Kilo za Mtoto

Kwaresima inapokwisha, jumuiya ndogo ndogo huhesabu zilichotoa: magunia ya mahindi, lita za mafuta, kaya zilizofikiwa. Sisi tunaokwenda utume Ipogolo, pale chini inapopita barabara kuu kabla ya kupanda mjini Iringa, tumesikiliza taarifa za namna hii mara nyingi. Ni taarifa za kweli. Ila zinaeleza tu tulifanya nini na kwa utaratibu gani. Hiyo ni tathmini ya mchakato. Kama hali ya mtu imebadilika, hilo ni la tathmini ya matokeo, na magunia hayawezi kulijibu.

Mkoa wetu, ulipokuwa bado pamoja na Njombe, uliwahi kuyashika yote mawili. Mwishoni mwa 1983 serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani walizindua mpango wa lishe kwa fedha za Italia. Katika vijiji 168 vya mwanzo, watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na majibu hayakuishia kwenye faili la wilaya. Halmashauri ya kijiji iliyasoma na kuuliza nani amepungua na kwa nini. Mtoto akifariki, kifo chake nacho kilijadiliwa. Mara nyingi mahindi yalikuwepo ghalani. Mama ndiye alikuwa shambani kutwa, na mtoto mwenye tumbo dogo alikula mara mbili tu. Gunia jingine lingesaidia nini hapo? Vijiji vikaanzisha vituo vya kulea na kulisha watoto mchana. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Darasani tunaonywa kwamba kinachofuata jambo si lazima kiwe kimesababishwa nalo. Mvua nzuri pia huongeza uzito. Ndiyo maana mchakato hauachwi: tukijua kituo kilifunguliwa siku ngapi na nani hakuletwa, tunaweza kutofautisha mpango mbaya na mpango mzuri ambao haukutekelezwa.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Iringa ikiongoza kwa udumavu, takriban asilimia 57 ya watoto, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Wapo wanaosema basi ule mpango ulikuwa bure. Tunaona ni haraka mno. Zamani kilipimwa uzito kwa umri, hapa ni kimo kwa umri, na mtoto aliyedumaa anaweza asionekane mwembamba hata kidogo. Mwenyekiti wa jumuiya akipita nyumbani kwake atamwona mzima, tena mnene.

Tunapendekeza taarifa ya Kwaresima ijayo iongezewe safu moja: katika kaya tulizosaidia, kadi za kliniki zinaonyesha nini baada ya miezi mitatu na sita? Kadi isomwe kwa ruhusa ya mama, nyumbani kwake, wala majina yasitajwe kwenye sala ya jumuiya. Na kaya zilizokataa msaada wetu nazo ziulizwe sababu.